Linux na programu-jalizi za vivinjari: Kilichopotea, kinachookoleka na maana yake kwa Kaskazini Mashariki

MNAMO Januari 12, 2021, siku nane baada ya shule za Kenya kufunguliwa kikamilifu kufuatia likizo ndefu ya janga la Covid-19, kampuni ya Adobe ya Marekani ilianza kuzuia kazi zilizotengenezwa kwa Flash zisifunguke katika programu yake ya Flash Player. Mwalimu aliyekuwa na somo la Flash kuhusu mzunguko wa damu au mkondo wa umeme, akalifungua kwa toleo la mwisho la programu hiyo, alipata alama ndogo tu mahali palipokuwa na picha. Kompyuta yake haikuwa na hitilafu yoyote.

Katika sehemu nyingi za nchi jambo hilo lilipita kimyakimya. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera lilikuja wakati mbaya. Mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, Januari 13, 2020, walimu watatu waliuawa katika shambulio la Al-Shabaab huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hilo. Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya abiria 28 wa basi kuuawa Mandera mnamo Novemba 2014, wakiwemo walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo, wengi walikataa kurudi kazini mwaka uliofuata. Mahali ambapo mwalimu wa fizikia ameondoka na hajapatikana wa kujaza nafasi yake, somo lililohifadhiwa ndani ya kompyuta huwa na thamani ambayo halina mahali penye walimu wanne wa somo hilohilo.

Makala haya yanaeleza programu-jalizi ni nini, kwa nini zilikuwa mtihani mgumu kwa watumiaji wa mifumo endeshi huria kama Linux, zilikufaje, na mtu mwenye mafaili ya zamani au kompyuta kuukuu anaweza kufanya nini leo.

Mgeni ndani ya kivinjari

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za wavuti, kama vile Firefox, Chrome au Opera. Kurasa za awali zilikuwa na maandishi na picha zisizosogea. Aliyetaka sauti, video au mchoro wenye mwendo alihitaji msaada kutoka nje ya kivinjari, na msaada huo ndio ulioitwa programu-jalizi. Kampuni ya Netscape iliufungua mlango wa namna hiyo katika toleo la pili la kivinjari chake cha Navigator mwaka 1996. Utaratibu wake, uliojulikana kwa ufupisho wa NPAPI, ulifuatwa na vivinjari vingine kwa takriban miaka 20.

Jalizi isichanganywe na kiendelezi. Kiendelezi, kwa mfano kile cha kuzuia matangazo, huandikwa kwa lugha zilezile za kurasa za wavuti na hufanya kazi chini ya amri ya kivinjari. Ndiyo maana kiendelezi kimoja cha Firefox hutumika katika Windows na katika Linux pasipo kubadilishwa. Jalizi ilikuwa programu kamili, iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa ajili ya mfumo endeshi mmoja na aina moja ya kichakataji. Kivinjari kiliitengea nafasi ya mstatili ndani ya ukurasa, kikaiachia ifanye itakavyo humo. Jalizi ya Windows haikuwa na kazi yoyote katika Linux. Ilibidi mwenyewe aitengeneze upya kwa kila mfumo, na asipotaka, hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni mfumo ambao msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kumgawia jirani yake bila kuvunja sheria. Jalizi zilizotawala wavuti zilikuwa mali ya kampuni na siri zake. Flash ilinunuliwa na Macromedia mwaka 1996, kisha Adobe ikainunua Macromedia yenyewe mwaka 2005. RealPlayer ilikuwa ya RealNetworks. Silverlight ilikuwa ya Microsoft. Java ilikuwa ya Sun hadi Oracle ilipoichukua mwaka 2010. Mtumiaji wa Linux alikuwa kama mtu mwenye nyumba nzima anayoweza kuikarabati kwa mkono wake, isipokuwa chumba kimoja ambacho ufunguo wake ulikaa Marekani.

CD ya bure, faili isiyokuwemo

Toleo la kwanza la Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, lilitoka Oktoba 2004. Kilichoitofautisha Ubuntu na aina nyingine za Linux machoni pa watu wa mbali na miji mikubwa kilikuwa posta. Hadi mwaka 2011 mradi huo ulituma CD bila malipo popote duniani kwa yeyote aliyejaza fomu. Aliyekuwa na sanduku la posta Garissa au Wajir alistahili sawa na wa London. Zipo sababu nyingine zilizowavuta watu: leseni ya Windows iligharimu pesa ambazo wenye saiba na shule hawakuwa nazo, na virusi vilivyosafiri ndani ya diski mweko, vile vya Conficker vya mwaka 2008 vikiwa mfano mmoja, havikuidhuru Linux.

Lakini aliyeweka CD hiyo kisha akafungua tovuti yenye video alikutana na mstatili mtupu. Leseni ya Flash haikuruhusu mtu yeyote aisambaze tu pamoja na mfumo wake bila idhini. Kwa sababu hiyo Ubuntu ilitoa kifurushi kilichoitwa flashplugin-nonfree ambacho, kwa kweli, kilikuwa ganda tupu. Kilipowekwa kilikwenda kwenye seva ya kampuni kuchukua faili yenyewe, kikaihakiki kwa alama zake za utambulisho, kisha kikaiweka mahali pake. Kampuni ilipobadilisha faili kwenye seva bila kuwangoja watengenezaji wa Ubuntu, alama hazikulingana na kifurushi kikakataa kazi hadi kitolewe kipya.

Aliyekuwa Nairobi alijaribu tena kesho yake. Garissa, umbali wa karibu kilomita 370, hali ilikuwa nyingine. Kabla ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, nchi nzima ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na gharama yake ilimfikia mteja wa saiba kwa dakika. Mkongo wa taifa wa NOFBI ulifikishwa Garissa karibu na kipindi hichohicho. Umeme wa mji wenyewe ulitoka kwenye jenereta za dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika katika muongo uliofuata, na kuwashwa kwa kompyuta kulifuata ratiba isiyokuwa ya mwenye kompyuta. Kifurushi kinachodai intaneti ili kikamilike ni kitu kidogo mahali penye intaneti. Mahali pasipo nayo, ni sawa na kutokuwepo.

Suluhisho lilikuwa kuibeba faili kwa mkono. Mtu aliyesafiri Nairobi alipakua kifurushi cha Flash chenye megabaiti chache, akakileta katika diski mweko, akakifungua na kunakili faili moja, libflashplayer.so, hadi kwenye folda iliyofichwa ya .mozilla/plugins. Firefox ikifunguliwa upya, video ilionekana. (Neno flash lenyewe lilileta mkanganyiko usio na mwisho, kwa kuwa kwa Wakenya wengi flash ni hicho kidude cha kuhifadhia data, na kwa wengine ni ile simu ya kukatwa kabla haijapokewa.)

Kuwa nyuma kwa toleo moja

Kuipata jalizi hakukutosha. Toleo la nane la Flash, la mwaka 2005, halikutengenezewa Linux kabisa. Toleo la tisa lilitoka kwa Windows katikati ya mwaka 2006, watumiaji wa Linux wakalipata Januari 2007. Katika kipindi hicho, tovuti nyingi zilimwambia mtumiaji wa Linux kwamba toleo lake ni la zamani na kumwelekeza kupakua jipya ambalo halikuwepo. Kompyuta za biti 64 zilipoenea, Flash ya Linux ilibaki ya biti 32, na watu wakategemea programu ya kati iliyoitwa nspluginwrapper, iliyofanya kazi siku nyingi na kuanguka siku nyingine. Adobe ilitoa jaribio la biti 64 Novemba 2008.

Pigo lililowagusa zaidi wenye mashine kuukuu halikutangazwa sana. Toleo la 11.2 la Machi 2012 lilihitaji kichakataji chenye amri za SSE2, ambazo zililetwa na Pentium 4 mwishoni mwa mwaka 2000. Pentium III na Athlon XP hazina amri hizo. Hizo ndizo zilizokuwa mashine za misaada za miaka ile: zimetumika ofisini Ulaya au Nairobi, zikakarabatiwa na kupelekwa shuleni. Kwenye mashine hizo jalizi mpya ilianguka bila maelezo ya kueleweka, na aliyebaki na toleo la zamani alibaki pia na mianya yake yote ya usalama.

Katikati ya miaka ya 2000 Shule ya Upili ya Wasichana ya Wajir iliteuliwa kuwa moja kati ya shule sita za majaribio nchini katika mradi wa NEPAD wa shule za kielektroniki, pamoja na Chavakali, Isiolo Girls, Maranda, Menengai na Mumbi Girls. Mradi huo uliendeshwa na makundi ya kampuni za kimataifa zilizoleta mitambo na masomo. Kuchaguliwa kwa Wajir kulikuwa jambo la haki na la ujasiri. Hata hivyo, masomo ya kidijitali ya enzi hiyo, yawe ya kampuni au ya vyuo vikuu, yalitengenezwa kwa wingi katika Flash na Java. Mfano ni mtaala wa mitandao wa Cisco Networking Academy wa mwaka 2007, uliofunguka kwa Flash. Mfano mwingine ni majaribio ya sayansi ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado. PhET ilitolewa bure, lakini ilikaa ndani ya Java na Flash. Ubure wa somo haukuondoa kufuli la chombo cha kulifungulia.

Redio, Obama na fedha za kaunti

Flash haikuwa peke yake. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, ina wasikilizaji wengi Kaskazini Mashariki kuliko vituo vingi vya Nairobi vinavyodhani. Katika miaka ya 2000 aliyetaka kuisikiliza kwa mtandao, badala ya masafa mafupi, alihitaji RealPlayer. Kwa Linux lilikuwepo toleo la mwaka 2004 lililojengwa juu ya mradi wa Helix, ambao sehemu ya msimbo wake ilikuwa wazi. Afadhali hiyo.

Kisa cha Silverlight kinawahusu Wakenya kwa njia ya pekee. Microsoft iliileta mwaka 2007 ili kushindana na Flash. Miguel de Icaza wa Mexico na wenzake katika kampuni ya Novell wakaanza kuunda jalizi huria ya Linux yenye uwezo huohuo, wakaiita Moonlight. Sherehe ya kuapishwa kwa Barack Obama Januari 20, 2009, ilirushwa na tovuti rasmi ya sherehe kwa Silverlight. Moonlight ilikuwa bado haijakamilika. Watengenezaji walifanya kazi usiku na mchana katika siku za mwisho ili mtumiaji wa Linux asibaki nje, na wakafaulu. Toleo rasmi la kwanza lilifuata Februari mwaka huo. Miaka mitatu baadaye mradi ulikuwa umekwisha kutelekezwa, na Silverlight yenyewe ikakoma kuhudumiwa Oktoba 12, 2021.

Java ilikuwa na uzito wa aina nyingine, uzito wa ofisi. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Garissa, Wajir na Mandera zikiwemo, zilitakiwa kupitisha malipo yao katika IFMIS, mfumo wa pamoja wa usimamizi wa fedha za umma. Mfumo huo ulijengwa juu ya Oracle E-Business Suite, na kwa muundo wa programu hiyo wakati huo, fomu za kuingizia data zilifunguka kwa jalizi ya Java ndani ya kivinjari. Ofisi ingeweza kuandika barua zake kwa LibreOffice na kutunza mafaili katika Linux, lakini kompyuta ya malipo ilifuata matakwa ya Oracle kuhusu kivinjari gani, toleo gani la Java na mfumo endeshi upi. Oracle ilitangaza Januari 2016 kwamba jalizi hiyo itaachwa, ikaiondoa kabisa katika Java 11 mwaka 2018 na kuelekeza wateja wake kwenye njia nyingine. (Kucheleweshwa kwa fedha za kaunti kuna visa vyake vingi, na haviwezi vyote kutupiwa Java.)

Na Dadaab je? Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera ziko ndani ya Kaunti ya Garissa, na wakimbizi waliozijaza tangu mwaka 1991 wameishi kwa fomu. Kwa miaka mingi fomu kuu ya maombi ya uhamiaji ya Canada, IMM 0008, ilitolewa kama PDF ya aina ya XFA. Faili hiyo ikifunguliwa kwa programu ya kawaida ya Linux, haikuonyesha fomu hata kidogo. Ilitoa ujumbe mmoja wa kumtaka msomaji asubiri, na angesubiri hadi Kiyama. Ilifunguka kwa Adobe Reader pekee, na Adobe iliacha kutoa Reader mpya kwa Linux mwaka 2013. Mtu ambaye maombi ya familia yake yanategemea ukurasa mmoja hawezi kuambiwa kwamba hilo ni suala dogo la kiufundi. Firefox ilianza kusoma fomu za XFA katika toleo la 93, Oktoba 2021. Husoma nyingi, lakini fomu yenye kitufe cha kuhakiki majibu inafaa bado ikaguliwe katika Adobe Reader kabla ya kutumwa.

Waliojaribu kuvunja kufuli

Watengenezaji wa programu huria hawakukaa kungoja hisani. Mradi wa GNU ulianza kuunda Gnash mwishoni mwa mwaka 2005 chini ya Rob Savoye, kwa lengo la kucheza mafaili ya Flash bila programu ya Adobe. Kazi yao ilifanywa ngumu na leseni. Hadi Mei 2008 yeyote aliyetaka kusoma maelezo rasmi ya muundo wa faili za Flash ilibidi akubali kwamba hatayatumia kutengeneza kichezeshi. Waliobaki nje ya mkataba huo walibuni kwa kuchunguza faili moja baada ya nyingine, na kampuni ilikuwa daima mbele yao kwa toleo moja au mawili. Gnash ilicheza michoro ya zamani vizuri na video kwa bahati. Alessandro Pignotti wa Italia alianzisha Lightspark ili kushughulikia matoleo mapya zaidi. Jina lake litarudi hapa chini.

Jinsi jalizi zilivyozikwa

Jalizi hazikuuawa na watu wa Linux, ingawa wengi wao walifurahia maziko. Ziliuawa na simu. Steve Jobs wa Apple alieleza katika barua ya wazi ya Aprili 2010 kwa nini Flash haitaingia katika iPhone: inamaliza betri, inaanguka, si salama, na ni mali ya kampuni moja. Alikuwa na maslahi yake, lakini mashtaka yalikuwa ya kweli. Agosti 2012 Adobe iliacha kutoa Flash kwa simu mpya za Android. Kuanzia hapo somo la Flash halikuweza kupelekwa kwenye tableti, na tableti ndizo zilizoingia Dadaab tangu mwaka 2014 kupitia mradi wa Vodafone Foundation na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, wa kuunganisha shule za kambini na mtandao.

Kwa Linux, Adobe ilikwisha kutangaza Februari 2012 kwamba toleo la 11.2 ndilo la mwisho kwa Firefox. Baada ya hapo Flash mpya ingepatikana ndani ya Chrome ya Google pekee. Chrome ya Linux iliacha kupokea jalizi za NPAPI mwaka 2014, kabla ya ile ya Windows. Firefox ilizifungia nje zote isipokuwa Flash Machi 2017. Katika kituko cha mwisho, Adobe ilibadili nia mwaka 2016 na kuanza tena kutoa Flash ya Firefox kwa Linux, na mwaka mmoja baadaye ikatangaza kwamba Flash yote itakufa mwisho wa 2020.

Wakati huo mbadala ulikuwa tayari. HTML5, iliyopitishwa rasmi na shirika la W3C Oktoba 2014, inakipa kivinjari chenyewe uwezo wa kucheza sauti, video na michoro. YouTube iliifanya njia yake ya kawaida Januari 2015. Mafaili mengi ya PDF yakaanza kufunguka ndani ya Firefox bila jalizi tangu Februari 2013. Kwa mara ya kwanza tangu 1996, aliyekuwa na Linux Mandera na aliyekuwa na Windows Westlands waliona ukurasa uleule.

Kilichoachwa nyuma ni kazi ya miaka 20. Kampuni kubwa zilikuwa na fedha za kuyatengeneza upya masomo yao kwa HTML5. Somo lililoundwa na mradi wa msaada uliokwisha kufungwa halikuwa na mwenyewe wa kufanya hivyo, na shule iliyolipokea haikupewa chochote isipokuwa faili iliyokwisha kufungwa.

Kinachookoleka

Faili ya Flash, ambayo jina lake huishia na .swf, haijafa. Kilichokufa ni kichezeshi chake. Ruffle ni kichezeshi huria kilichoandikwa upya kabisa kwa lugha ya Rust, na maktaba ya kidijitali ya Internet Archive imekitumia kuhifadhi kazi za Flash tangu Novemba 2020. Kipo kama kiendelezi cha Firefox na Chrome, na kipo kama programu ya kujitegemea inayofungua faili kutoka kwenye diski pasipo intaneti. Kwa shule ya Kaskazini Mashariki hii ya pili ndiyo inayofaa. Kazi za kabla ya mwaka 2006, zilizotumia lugha ya ActionScript ya kwanza na ya pili, hufunguka karibu zote. Zile za ActionScript 3, iliyoingia na Flash ya tisa, bado zinahitaji kujaribiwa moja baada ya moja, ingawa kila mwaka zinazofunguka huongezeka.

Mambo mawili huwakwamisha watu. La kwanza, masomo mengi ni folda nzima, si faili moja: faili ya kwanza huita nyingine kadiri mwanafunzi anavyoendelea, kwa hiyo akinakili ile ya mwanzo pekee atafika ukurasa wa pili na kukwama. Folda ihamishwe yote, na majina yasibadilishwe. La pili, anayetumia kiendelezi katika Chrome kufungua ukurasa uliomo kwenye diski yake lazima akipe kwanza ruhusa ya kusoma mafaili ya kompyuta hiyo, ruhusa ambayo huwa imezimwa. Diski nyingine zina masomo yenye jina la kuishia .exe, yaani kichezeshi na somo vimeunganishwa kwa ajili ya Windows. Hayo mara nyingi hufunguka katika Linux kwa msaada wa Wine.

Jambo la kuepukwa ni kutafuta Flash Player ya zamani katika tovuti zisizojulikana. Faili nyingi zinazotolewa kwa jina hilo ni mtego wa virusi, na hata ile halisi ina mianya ambayo haitazibwa tena.

Kwa Java habari ni njema zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Pignotti, yule wa Lightspark, alikwenda kuanzisha kampuni ya Leaning Technologies iliyounda CheerpJ, programu inayoendesha Java ndani ya kivinjari cha kawaida bila jalizi. PhET yenyewe inaitumia kwa majaribio yake ya zamani ya Java ambayo hayajaandikwa upya. Majaribio yake mengi sasa ni ya HTML5, yanaweza kupakuliwa na kutumika bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule isiyo na intaneti zipo pia Kolibri ya Learning Equality na RACHEL ya World Possible, ambazo huweka masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa darasani kwa mtandao wa ndani. Hazihitaji jalizi yoyote.

Kompyuta kuukuu leo

Swali hili limerudi kwa nguvu kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi zisizokubali Windows 11 ama zitatupwa ama zitawekewa Linux. Mwenye mashine ya namna hiyo hana tena haja ya kuhofia jalizi. Video, mikutano ya mtandaoni na tovuti za serikali hazizihitaji. Kinachofanana nazo kilichobaki ni Widevine ya Google, kipande cha msimbo uliofungwa kinacholinda filamu za Netflix na wengineo. Firefox na Chrome hukileta zenyewe katika Linux kwenye vichakataji vya kawaida, na asiyetazama huduma hizo anaweza kukizima.

Anayestahili kuwa mwangalifu ni mwenye mashine ya biti 32, kama zile Pentium 4 za mwanzo. Chrome iliacha kuzihudumia katika Linux Machi 2016. Debian 13, ya Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashine hizo, na Firefox ya kawaida ilikoma kwao kwa toleo la 144 mwaka huohuo. Bado zinaweza kufungua masomo yaliyo kwenye diski, lakini zisitumiwe kwa benki wala kwa akaunti za serikali.

Kabla ya mashine ya zamani kufutwa, mafaili ya masomo yaliyomo yatafutwe na kunakiliwa: .swf, .jar, .exe na folda zake zote. Diski za CD zilizokaa miaka 15 kwenye kabati huko Garissa, ambako joto hukaribia nyuzi 40, huanza kukataa kusomwa, na zinakiliwe mapema. CD moja ina megabaiti 700 hivi, kwa hiyo diski mweko moja ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya 40, na nakala ya pili inafaa ikae katika jengo jingine.